Noah SR40 inaingiza vumbi na moshi ndani: anza na moshi

Mkuu umesema Noah yako SR40 ukitoka nayo kwenye barabara ya vumbi siti zote zinakuwa nyekundu, na ukikaa foleni ndani kunanuka moshi mpaka watoto wanalalamika kichwa, na fundi kakwambia ununue pafyumu ya kuning'iniza. Achana na pafyumu kabisa. Vumbi tutalifikia ila hiyo ya watoto kuumwa kichwa ishughulikie leo leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Mimi natumia hiyo hiyo, nimeishi nayo Dar na nimeenda nayo sana Ifakara mpaka Mahenge ambako kiangazi vumbi ni la kufa mtu, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwenye gari langu mwenyewe.

SR40 sio kama Noah zilizoanza kutoka 2001 ambazo injini iko mbele. Hii yetu injini ya 3S imelala chini ya siti za mbele, kati ya makalio yako na injini kuna mfuniko na raba yake ya kuzunguka, basi. Fundi akishabadilisha plagi akarudisha mfuniko bila kukaza vizuri, au raba ikiwa imekauka na kukatika, kila kinachovuja kule chini kinapanda moja kwa moja puani kwako. Nyanyua siti uangalie hiyo raba kwa macho yako, pitisha kidole pande zote, na hakikisha vibanio vyote vipo na vinabana. Na tafadhali usije ukashindilia kipande cha godoro pale, kule kuna moto wa manifoldi, yaani lile bomba la chuma linalopokea moshi kutoka kwenye injini, gari litaungua na watu ndani. Tafuta raba inayostahimili joto, Gerezani na Ilala huwezi kukosa hata ya kutoa kwenye gari lingine.

Ila raba ni kuziba mlango tu, moshi wenyewe unatoka wapi? Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa, mtu azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, wewe sikiliza chini. Ukisikia tss tss tss pale manifoldi inapokutana na injini, au kwenye maungio ya bomba, umeshapata. Fanya ikiwa ya baridi kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na tundu dogo linajiziba, unaenda gereji mchana fundi anakwambia hamna kitu. Angalia pia doa jeusi la masizi, palipo na masizi ndipo panapovuja. Kwenye maungio ya mbali paka povu la sabuni utaona linavyochemka.

Langu lilikuwa gasketi ya manifoldi, na nati mbili hazikuwepo kabisa. Kama manifoldi imepasuka mimi sikushauri kuchomelea, chuma cha kusubu kikichomelewa mara nyingi kinapasuka tena pembeni, bora utafute nyingine ya mtumba. Angalia na tapeti kava, yaani mfuniko wa juu ya injini, kama inavuja, oili ikidondokea kwenye manifoldi inatoa harufu ya kuungua ambayo wengi wanadhani ni ekzosi.

Halafu bomba la nyuma. Wengi wakishatoboa silensa wanakatiwa bomba linaishia chini ya gari, wapi na wapi! Lazima lipite bampa la nyuma. Gari linapotembea nyuma yake mgandamizo wa hewa unapungua, moshi unavutwa kurudi kwenye buti, na ukiwa umepakia mzigo mlango wa nyuma umefungwa na kamba ndo umeukaribisha wote ndani. Na kama walikutolea masega, yaani kile kisafisha moshi (catalytic converter) kwenye bomba la ekzosi, ujue yale ndo yalikuwa yanapunguza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo kutosikia harufu hakumaanishi uko salama. Kichwa, usingizi usio wa kawaida, kichefuchefu, watu wakishuka wanapata nafuu: hizo dalili ukiziona simama, fungueni milango, shukeni wote. Mpaka utakapotengeneza usiweke AC ya kuzungusha hewa ya ndani maana unaufungia moshi humo humo, na hakuna filta ya AC, hata yenye mkaa, inayozuia hewa hiyo.

Sasa vumbi. Hili limetulia, halihitaji presha. Usiku mtu aingie ndani azime taa zote, wewe zunguka nje na tochi kali pembeni mwa milango, panapopita mwanga na vumbi linapita. Mlango wa kuslaidi ndo mbaya zaidi, rola zikiisha hauvutwi mpaka mwisho hata raba ikiwa mpya. Bana karatasi mlangoni halafu ivute, ikitoka kirahisi hapo hapabani. Kisha nyanyua kapeti uangalie vifuniko vya raba vya sakafuni, mafundi wa kuchomelea huwa wanavitoa hawarudishi. Matundu ya waya na raba za taa za nyuma niliziba kwa gundi ile wanayobandikia vioo vya mbele, inashika kweli.

Ukishaziba, jinsi ya kuendesha nako kuna kazi. Watu wakiona vumbi wanafunga vioo na kubonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya kigari, wanakaa hivyo hivyo safari nzima, ndo maana vumbi linazidi kunyonywa kwenye matundu. Weka hewa ya nje, feni juu, vioo vyote vimefungwa, ndani kunakuwa na msukumo unaolizuia vumbi. Ukiwa nyuma ya Fuso, au malori ya barabara ya Mandela hapa Dar yanayotema moshi mweusi, hapo zungusha ya ndani kwa muda mfupi, ukiachana nalo rudisha.

Ukinyanyua siti piga picha manifoldi ilivyo na hayo masizi, uiweke hapa tuone kama ni gasketi au imepasuka.