Mbona sentensi yangu ya Kilojban haina kiarifu?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta na najifunza Kilojban, lugha ya kubuni iliyojengwa juu ya mantiki, peke yangu. Niliandika "lo mlatu citka lo finpe" nikikusudia kusema paka anakula samaki. Programu ya kuchanganua sarufi iliipokea, lakini mchoro wake ukaonyesha kwamba hakuna kiarifu popote. Halafu nikaandika "mi dunda do lo cukta", yaani nakupa kitabu, nikaambiwa kwamba nimekikabidhi kitabu mtu, badala ya mtu kukabidhiwa kitabu. Maneno yote ni sahihi kwa mujibu wa kamusi. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, makosa yako yote mawili yana chanzo kimoja. Unaanza kutafuta nomino na kitenzi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kilojban hakina mgawanyo huo. Neno mlatu si jina la paka. Maana yake ni "fulani ni paka". Ndiyo maana "ti mlatu" ni sentensi kamili: huyu ni paka, bila kuhitaji neno la "ni". Na citka maana yake ni "fulani anakula kitu fulani". Maneno haya mawili ni ya aina moja kabisa. Lolote kati yake linaweza kuwa kiarifu, ambacho wenye Kilojban hukiita selbri.

Kila selbri huja na nafasi zake zenye namba, kama fomu yenye mistari ya kujaza. Citka ina nafasi mbili: mlaji, kisha kinacholiwa. Dunda ina tatu: mtoaji, kitu kinachotolewa, mpokeaji. Klama, neno la kwenda, ina tano: anayekwenda, anakokwenda, anakotoka, njia anayopita na chombo anachotumia. Kinachojaza nafasi huitwa sumti, na selbri pamoja na sumti zake huitwa bridi. Hiyo bridi ndiyo sentensi yako.

Sasa tuitazame ya kwanza. Neno "lo" huchukua selbri na kuigeuza kuwa sumti: lo mlatu ni yule aliye paka, lo citka ni yule alaye. Lakini selbri mbili zikifuatana huungana, ya kwanza ikiieleza ya pili. Kwa hiyo "mlatu citka" ni mlaji wa namna ya paka, na "lo" imeyabeba maneno yote mawili. Ulichoandika kinasomeka hivi: "mlaji wa kipaka, samaki". Ni sumti mbili zilizokaa sambamba bila selbri ya kuziunganisha. Programu haikulalamika kwa sababu sarufi inaruhusu vipande vya namna hiyo, kwa mfano mtu anapojibu swali kwa neno moja.

Dawa yake ni "cu", inayotamkwa shu. Yenyewe haina maana. Kazi yake ni kutangaza kwamba sumti imekwisha na selbri kuu inaanza:

lo mlatu cu citka lo finpe

Kwenye "mi citka lo finpe" huihitaji, kwa kuwa "mi" (mimi, bila shaka umeshaizoea) haiwezi kumeza neno linaloifuata. Huihitaji pia ukiweka alama ya wakati au ya ukanushi mbele ya selbri, maana alama hizo hufanya kazi ileile ya kutenganisha: "lo mlatu pu citka lo finpe", paka alikula samaki, "lo mlatu na citka lo finpe", paka hali samaki. Na usipoweka alama ya wakati, wakati haukutajwa, basi. Sisi tuliozoea -na-, -li- na -ta- kukaa ndani ya kila kitenzi huona kama kuna kitu kimepotea. Hakijapotea.

Sentensi yako ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu kosa lake limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Tunasema "nilimpa Juma kitabu", mpokeaji kwanza, kitu baadaye. Dunda inataka kitu kwanza. Ulipoandika "mi dunda do lo cukta", wewe uliingia nafasi ya kitu kinachotolewa na kitabu kikawa mpokeaji. Sahihi ni "mi dunda lo cukta do".

Ukipenda mpangilio wa Kiswahili unaweza kubaki nao, ila itakubidi utaje namba. Neno fa huonyesha nafasi ya kwanza, fe ya pili, fi ya tatu, fo ya nne, fu ya tano. Hivyo "mi dunda fi do fe lo cukta" ni sawa kabisa. Angalia kwamba "fe" hapo ni ya lazima: baada ya nafasi ya tatu hesabu huendelea mbele, na bila "fe" kitabu kingeangukia nafasi ya nne, ambayo dunda haina. Maneno haya pia hukuwezesha kuruka nafasi usizozihitaji. "Mi klama lo zarci fu lo karce": naenda sokoni kwa gari. Ninakotoka na njia ninayopita havikutajwa, na hakuna aliyelazimika kuvitaja.

Njia nyingine ni kubadilishana nafasi zenyewe. "Se" mbele ya selbri hubadilisha ya kwanza na ya pili, "te" ya kwanza na ya tatu, "ve" ya kwanza na ya nne, "xe" ya kwanza na ya tano. "Do te dunda lo cukta mi": unapewa kitabu nami. Hii inakaribia sana kauli yetu ya kutendwa, lakini inafika mbali zaidi, maana inaingia pia ndani ya "lo". Chukua klama: lo klama ni msafiri, lo se klama ni kule anakokwenda, lo te klama alikotoka, lo ve klama njia, lo xe klama chombo cha usafiri. Mzizi mmoja, majina matano. Sisi tuna mwendaji, mwendo na mwenendo kutoka kwenye -enda, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Tofauti ni kwamba hapa kanuni haina ubaguzi hata mmoja. Kwangu hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika Kilojban, na nakushauri ukifanyie mazoezi mapema.

Matamshi hayatakusumbua. Irabu a, e, i, o, u ni zetu, na mkazo wa maneno kama klama na citka huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. C ni sh, x ni kh ya "kheri". Majina ya watu huanza na "la" na kwa kawaida huishia kwa konsonanti, hivyo Juma huwa "la .djumas.": s imeongezwa mwishoni, na d imetangulia j kwa kuwa j peke yake ni sauti nyingine, nzito kidogo kuliko sh.

Utakuta vitabu vya zamani, hata kile cha sarufi cha 1997, vikitumia "le" mahali ambapo mimi nimetumia "lo". Kwa sasa shika "lo". Tofauti yao ina mjadala mrefu na haitazuia sentensi zako kueleweka. Usichopaswa kuahirisha ni nafasi. Unapoandika neno jipya kwenye daftari, usiandike "tavla: kuzungumza". Andika: mzungumzaji, anayeambiwa, mada, lugha. Kisha tunga "mi tavla do fo la .lojban.", nazungumza nawe kwa Kilojban, ipitishe kwenye programu yako, na uone kama lugha imekaa nafasi ya nne.