Maswali Yenu: Ngome Juu ya Jabali, Maji Walitoa Wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi fundi ujenzi, kazi zangu nyingi ni za mlimani kwenye mawe. Juzi mteja kanionyesha kwenye simu picha ya ngome ya Edinburgh kule Scotland, imekaa juu ya jabali kabisa kama imeota pale. Naomba kujua mafundi wa zamani walisawazishaje kiwanja, na maji walikuwa wanatoa wapi huko juu? – Fundi, Igogo, Mwanza

JIBU: Fundi, umeshika penyewe kabisa, ila ngoja nianze na jiwe lenyewe. Lile sio tale (granaiti) kama la kwetu, ni koo la volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, uji wa moto ukagandia mle ndani ukawa mgumu kuliko miamba yote ya pembeni. Baadaye sana ikaja barafu nene ikitokea magharibi, ikala miamba laini, jabali ikalishindwa ikalizunguka. Siku mvua ikinyesha angalia kijiwe kilichokwama katikati ya mfereji, nyuma yake udongo haukombwi, unabaki kama mkia, basi ndo hivohivo. Kwahiyo pande tatu ni genge tupu, upande wa mashariki ndo kuna ule mkia na ndo njia ya kupandia. Kilele kiko kama mita 130 juu ya usawa wa bahari, na kama 80 juu ya mji unaokizunguka.

Sasa kiwanja. Karne ya 15 walipotaka uwanja tambarare wa majengo ya mfalme hawakuhangaika kuchonga jabali zima, walijenga vyumba vikubwa vya mawe vyenye dari la upinde kufuata mteremko, halafu juu ya hayo matao ndo wakatandaza uwanja. Ukumbi mkubwa wa mfalme James wa 4 uliokamilika 1511, ule wenye paa la mbao linalosifiwa mpaka leo, uko upande wa kusini wa uwanja huo. Mimi hili linanigusa sana kwasababu huku kwetu tunaona kila masika, mtu kajaza kifusi nyuma ya ukuta mwembamba, hajaacha hata tundu la kutolea maji, mvua ikipiga siku tatu ukuta unalala kwenye nyumba ya jirani wa chini, wakati wale mzigo wote waliushusha mpaka kwenye mwamba, na nafasi ya chini haikupotea, ilikuwa stoo, baadaye ikawa jela ya mateka wa vita.

Kuhusu maji, hapo ndo palipowaumiza. Walichimba kisima ndani ya jabali, kina mita 28, fikiria kwa sururu na patasi, lakini jiwe lile halihifadhi maji kwahiyo kisima kilikuwa hakitoshi, hasa kiangazi. Nikisoma habari hizi namkumbuka bibi yangu mzaa mama, alikaa juu Mabatini, alikuwa anapanda na ndoo kichwani kaweka tawi la majani juu ya maji yasimwagike, na akifika anapima kikombe kwa kikombe. Mlima unakulinda lakini haukunyweshi. Mei 1573 ngome ilipozingirwa, mizinga iliupiga mnara wa mfalme David, wenye zaidi ya mita 30 kwenda juu, ukaanguka na kifusi chake kikaziba hicho kisima, siku chache tu walinzi wakasalimu amri. Juu ya magofu wakajenga ukuta wa mizinga wa nusu duara, ule unaouona mbele kwenye picha, na mabaki ya mnara yakasahaulika ndani yake mpaka 1912.

SWALI: Ticha wetu alisema kuna watu walipanda lile genge usiku wakaiteka ngome. Inawezekana kweli? – Mwanafunzi, Butimba

JIBU: Ni kweli mdogo wangu, Machi 1314. Waingereza walikuwa wameishikilia tangu 1296, ndipo Thomas Randolph, kamanda wa Waskoti, na watu 30 wakapanda upande wa kaskazini gizani, wakiongozwa na William Francis aliyekuwa anaijua njia, maana zamani akiishi humo ndani alikuwa anashukia hapo kwa siri kwenda kumuona mchumba wake mjini! Wewe umekulia kwenye mawe unajua, jabali lina njia zake na anayezijua ni yule aliyelipanda tangu mdogo. Walipoiteka mfalme Robert Bruce akaamuru kuta zibomolewe ili adui asipate pa kukaa tena. Kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12 ndo jengo la zamani kuliko yote lililobaki pale juu.

SWALI: Kwanini wanapiga mzinga pale kila siku saa saba mchana? – Msomaji, Ukerewe

JIBU: Ni kwa ajili ya meli, kaka. Zamani manahodha waliweka saa zao sawa kwa kuangalia mpira mkubwa unaodondoshwa kwenye mnara wa kilima kingine pale mjini, lakini ukungu ukishuka hawauoni, kama nyie mnavyoshindwa kuuona mwalo asubuhi. Mlio unapita kwenye ukungu, kwahiyo tangu 1861 wanapiga mzinga, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi.