Gazeti halikusaliti kwa kuchapisha, lilikosea kwa kuchelewa

Ndugu aliyeanzisha uzi ameuliza kama gazeti linalofichua mpango wa siri wa kuwasikiliza wananchi bila kibali cha mahakama linaisaliti nchi. Najibu kwa yale niliyoyaishi.

Mwaka 2005 nilikuwa Minneapolis, Marekani, na kila Jumapili nilikuwa nikikwangua kadi ya simu kwa sarafu na kumpigia mama Tanga. Ijumaa ya tarehe 16 Desemba, James Risen na Eric Lichtblau, waandishi wa gazeti la New York Times, waliandika kwamba Shirika la Usalama wa Taifa, NSA, lilikuwa likinasa simu na barua pepe za watu walio Marekani wanaowasiliana na nje, bila kibali, kwa idhini aliyoitoa Rais Bush baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kesho yake Rais alikiri. Serikali ilisema inawalenga wanaoshukiwa kuhusiana na al-Qaeda, lakini nani ni mshukiwa, aliyeamua ni yule yule anayesikiliza.

Jumapili hiyo nilipopiga, mama alianza kunieleza jinsi fedha nilizotuma za matibabu ya mjomba zilivyotumika. Nikamkatiza: “Mama, hayo tuyaache kwanza.” Akanyamaza, kisha akauliza, “Kwani kuna mtu hapo?” Sikuwa na jibu la kumpa. Habari za mjomba nilizipata kwa barua, baada ya wiki kadhaa.

Wapo wanaosema mahakama ingechelewesha kazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 ya upelelezi wa mawasiliano, FISA, ilikwisha kuunda mahakama maalumu inayopokea kwa siri maombi ya vibali vya kusikiliza, na wakati ule iliruhusu, pakiwa na dharura, kusikiliza kwanza na kuomba kibali ndani ya saa 72. Hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Mwaka 2006 Jaji Anna Diggs Taylor wa Detroit aliamua kwamba mpango huo ulivunja katiba. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake, kwa kuwa walalamikaji, wakiwamo waandishi wa habari, hawakuweza kuthibitisha kwamba wao wenyewe walisikilizwa. Wangethibitishaje, na orodha ya waliosikilizwa ni siri ya serikali? Bila gazeti, hata kesi hiyo isingefunguliwa, maana hakuna anayeweza kulalamikia jambo asilojua kuwa lipo.

Kwa hiyo lawama yangu kwa gazeti ni nyingine. Wahariri walikuwa na habari hiyo kabla ya uchaguzi wa Novemba 2004, wakaizuia kwa zaidi ya mwaka baada ya Ikulu ya Marekani kuwaomba wasiichapishe. Naelewa uzito wa kuambiwa kwamba ukichapisha watu watakufa. Hata hivyo, wapiga kura waliingia vituoni kumchagua Rais bila kujua kwamba alikuwa ameikwepa mahakama, na kura ile haikurudiwa.