Swali la lugha: «Mapigo» au «mdundo» wa moyo?

SWALI: Nahariri kitini cha kuwafundisha wauguzi kusoma ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo kama mstari kwenye karatasi. Mwandishi ameandika «mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida» karibu kila ukurasa. Mwenzangu anataka tuandike «mdundo». Je, ni visawe? Na «kupapatika» na «kutetemeka» je? Tena kuna kichwa cha habari «kuziba kwa moyo».

JIBU: Si visawe. Pigo huhesabika: mapigo 75 kwa dakika. Mdundo ni namna mapigo hayo yanavyofuatana. Wapiga ngoma wawili wanaweza kupiga mapigo idadi ileile kwa dakika, na midundo ikawa mbali kabisa.

Katika ECG tofauti hii ina uzito zaidi, kwa sababu karatasi huandika umeme wa moyo, haiandiki damu inayosukumwa. Hutokea mstari ukaonyesha mdundo safi huku vidole vilivyowekwa shingoni havisikii kitu; mgonjwa huyo anahitaji kukandamizwa kifua mara moja. Kwa Kiswahili sanifu: «mdundo upo, mapigo hayapo». Aliyetumia «mapigo» kwa yote mawili atajikuta anaandika kwamba mapigo yapo lakini hayapo. Kwa kile kinachosikika kwa vidole, afadhali kitini kiseme «mapigo ya mshipa».

Ama «yasiyo ya kawaida», mimi ningeyafuta yote. Moyo unaokwenda mara 150 kwa nafasi sawa si wa kawaida. Unaokwenda mara 70 kwa kuyumbayumba nao si wa kawaida. Mwandishi ataje kasi, kisha mpangilio. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, mraba mkubwa mmoja ni sekunde 0.2, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa iliyo kati ya vilele viwili vya R, yaani ncha ndefu za mstari zinazojirudia kila pigo. Miraba minne ni mapigo 75. Hesabu hiyo hudanganya nafasi zisipolingana. Hapo hesabu makundi ya QRS (mawimbi ya umeme wa vyumba vya chini, R ikiwa kilele chake) ndani ya miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, uzidishe kwa 10.

Kupapatika na kutetemeka tuvitenganishe. Vyumba vya juu vya moyo vinapopapatika, mstari huwa kama meno ya msumeno, mawimbi yapatayo 300 kwa dakika, na mara nyingi moja kati ya mawili ndilo linalopita kwenda chini, hivyo mapigo huwa karibu 150. Kuna mpangilio, kama bawa la ndege arukaye. (Atakayenikumbusha kuku aliyechinjwa ana haki yake, lakini sina kitenzi bora zaidi.) Vyumba hivyo vinapotetemeka, wimbi la P, yaani la umeme wa vyumba vya juu, halionekani, mstari hujikunja ovyo, na nafasi kati ya R na R hazifuati mpango wowote.

Kitenzi «tetemeka» lazima kiwe na mwenyewe. «Kutetemeka kwa vyumba vya juu» mtu anaweza kuwa nako na bado akatembea. «Kutetemeka kwa vyumba vya chini» huua kwa dakika chache asipokandamizwa kifua na kupigwa shoti ya umeme. Kuandika «moyo unatetemeka» tu ni kumwacha muuguzi akisie. Tena mgonjwa mwenyewe akitetemeka kwa baridi, au kibandiko kikilegea, mstari nao hutetemeka. Basi tofautisha «mstari unatetemeka» na «chumba kinatetemeka». Kinachovitenganisha ni kumtazama mgonjwa na kumpima mshipa.

Umenitajia pia, kwa kupita tu, kichwa cha habari «kuziba kwa moyo». Hicho kiondoeni leo. Kinachoziba ni mshipa wa damu. Hapa kinachozungumzwa ni njia ya umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, na kasoro yake ina madaraja matatu. Daraja la kwanza hakuna hata kilichozuiwa: umeme unachelewa tu, muda wa PR (tangu P ianze hadi QRS ianze) ukizidi sekunde 0.20, na kila P bado inafuatwa na QRS. Andikeni «kuchelewa kwa umeme». Daraja la tatu ni «kukatika kwa umeme»: P zinakwenda kwa mwendo wao na QRS kwa mwendo wao, polepole zaidi, bila kujuana. Daraja la pili, ambako baadhi ya P hukosa QRS, «kukatika kwa vipindi» kunatosha.

«Moyo umesimama» nako kuna mtego. Msomaji huwaza mstari uliolala, kumbe vyumba vya chini vinapotetemeka moyo umekwisha kuacha kusukuma damu ilhali mstari umechafuka kama bahari. Huyu hupigwa shoti. Wa mstari uliolala hapigwi. Andikeni «moyo umeacha kusukuma damu» kwa hali zote mbili, kisha mtaje mstari ulivyo. Na kabla ya kuandika «mstari umelala», muuguzi ahakikishe waya hazijachomoka.