Usiite mbovu noti ambayo sikio lako halijaizoea

Nilipojiunga na kikundi kimoja cha taarabu mjini Unguja, nikiwa nimekwisha kupiga kinanda cha kanisani kwa miaka tisa, siku ya kwanza tu niliamini kuwa mpiga fidla wetu amelegeza waya. Kila alipofika kwenye noti ya tatu ya maqamu (mpangilio wa noti) ya Rasti, sauti yake ilikuwa chini ya mi ya do-re-mi niliyoizoea kwenye kinanda, lakini haikufika kwenye kibonyezo cheusi kinachofuata chini yake. Nikathubutu kumwambia. Mzee yule akapiga tena vilevile, na waimbaji wote wakapokea palepale alipo.

Kasoro haikuwa masikioni. Ndani ya sikio mna koklea, mrija uliojikunja kama konokono, ambao sauti nyembamba huutikisa zaidi karibu na mlango wake na sauti nzito karibu na ncha, na kwa njia hiyo tunaweza kutofautisha sauti zilizokaribiana kuliko vibonyezo vya kinanda. Mpangaji ni ubongo. Sauti za mitetemo 220, 440 na 880 kwa sekunde tunazisikia kama noti moja inayopanda kwa hatua mbili zilizo sawa, ingawa hatua ya pili ni kubwa maradufu kwa hesabu ya mitetemo, kwa kuwa tunachopima ni uwiano. Vituo vilivyomo kati ya noti hizo, hata hivyo, tunavijua zaidi kwa malezi.

Kinanda hugawa nafasi hiyo katika hatua 12 zilizo sawa. Ukianzia do ya katikati, mi ina mitetemo 330 hivi na kibonyezo cheusi cha chini yake 311. Noti ya Rasti huangukia karibu na 320, ikipanda au kushuka kidogo kwa kutegemea fundi. Ubongo uliolelewa na kinanda huisukuma kwenye kibonyezo cha jirani, kisha hulalamika kwamba haikukaa sawa. (Mi ya kinanda yenyewe imezidi kidogo, kwa maana inayotulia kabisa juu ya do ni ya 327, ila hiyo tumeizoea.)

Kwa hiyo anayetoka kwaya namshauri akifunge kinanda, amwombe mwenzake ashikilie do kwenye udi, ile ala ya nyuzi, na aimbe juu yake polepole. Noti ngeni asiisake peke yake, bali aiimbe ikitoka re kuelekea fa, kwani tunaitambua kwa majirani zake. Achukue maqamu moja kwa wiki kadhaa. Mimi nilianza na tatu nikazivuruga zote. Programu za simu za kupimia sauti aziache kwanza, maana nyingi zimepangwa kwa zile hatua 12 na zitamwonyesha kosa pale hasa alipopatia.

Mimi ilinichukua miezi mitatu. Jumapili moja nikarudi kwenye kinanda cha kanisani, na mi ikanisikikia iko juu mno.