Lee-Enfield No. 4 na vichwa vya kuyeyusha mwenyewe: pima mtutu kabla hujanunua kalibu

Mkuu, hiyo kalibu ya inchi .311 (chombo cha kumiminia vichwa vya risasi) uliyoiweka kwenye kikapu, iache humohumo. Usilipe.

Umeandika kwamba umepata Lee-Enfield No. 4, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, huko Texas, risasi zake za .303 za dukani zimekuwa bei mbaya, na unataka kuyeyusha vichwa vyako mwenyewe. Umeuliza kalibu ipi, baruti ipi, mafuta gani ya kupaka, na kama madini ya kubalansia magurudumu yanafaa. Naanza na kalibu, kwa sababu hapo ndipo hela yangu ilipozama, na naona na wewe umeshavua viatu.

Nani kakwambia .311? Ngoja nikisie: muuzaji. Mimi nilikuta wangu kwenye maonyesho ya bunduki, mzee ana meza ndefu na kauli zenye uhakika wa mganga wa kienyeji. "Enfield zote ni .311, kijana." Zote! Bunduki iliyotengenezwa katikati ya vita kuu ya pili, Uingereza, Kanada na Marekani, viwanda vinakimbizana na Hitler, halafu mitutu yote itoke sawasawa? Nikanunua kalibu, nikanunua na daizi, tundu la chuma la kubania vichwa, .311 vilevile. Akanifungia vizuri kwenye mfuko na kunitakia siku njema.

Kilichofuata: vichwa vikawa vinagonga shabaha kwa ubavu, tundu refu kama la funguo. Kwa umbali wa yadi 50, mkuu. Mtutu nao ukapakaa madini ya risasi ndani mpaka ile mifereji ya kukizungusha kichwa haionekani. Nikarudi kwa mzee wangu. Akasema madini yako laini mno, tafuta linotaipu. Hayo ni madini ya mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti: madini ya risasi asilimia 84, antimoni 12, bati 4. Magumu kweli, na bei yake ni ya kuumwa kichwa. Nikanunua. Hali ikawa mbaya zaidi. Akasema basi punguza baruti. Nikapunguza. Akasema basi mtutu umekwisha, tafuta mwingine. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu na familia, nikanunua mtutu mwingine na kumlipa fundi kuufunga. Cheka tu, maliza, tuendelee.

Mtutu wa kwanza haukuwa na tatizo lolote. Nililigundua hilo nilipookota vichwa vyangu kwenye tuta la mchanga. Alama za mifereji zilikuwa upande mmoja tu, tena hafifu, na kitako cha kichwa kimeliwa na moto. Nikautafuta mtutu wa zamani gereji, nikaupima: .315. Kichwa changu kilikuwa .311. Tofauti ni inchi .004, yaani milimita 0.1, unene wa karatasi ya kuprinti. Huo mwanya mdogo ndio gesi ya moto ilikuwa inapitia pembeni, inakata kichwa na kuyapaka madini ukutani mwa mtutu. Kichwa laini angalau hujitanua kidogo kikisukumwa na kuziba mwanya. Cha linotaipu ni kigumu, hakitanuki, ndiyo maana dawa ya mzee ilizidisha ugonjwa.

Kwa hiyo: PIMA MTUTU KWANZA. Sijali kalibu imeandikwa nini, sijali kitabu kinasema nini, wala video ya yule jamaa mwenye ndevu.

Namna yenyewe ni rahisi mpaka inaudhi. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti, safisha mtutu na uutie mafuta kidogo. Chukua chubwi la kuvulia samaki la risasi laini tupu (siyo linotaipu, hiyo ikitoka inarudi nyuma kidogo na kukudanganya). Liwe nene kuliko mtutu kwa nywele tu. Lisukume toka mdomoni hadi chemba, pale risasi inapokaa, kwa fimbo ya shaba nyeupe au mbao ngumu, kwa kugonga polepole. Kisha lipime kwa maikromita, siyo kwa kalipa ya bei chee.

Umesema yako imegongwa "US PROPERTY". Hiyo ni ya kiwanda cha Savage, Chicopee Falls, Massachusetts, na nyingi za hapo zina mifereji miwili tu, inayotazamana. Hapo unapima moja kwa moja. Yangu ni ya Long Branch, Kanada, mifereji mitano. Mitano haitazamani, maikromita ya kawaida inakupa uongo. Zungushia chubwi kibati chembamba unachojua unene wake, pima, kisha toa unene huo mara mbili.

Kipimo cha mifereji kiongezee inchi .001 hadi .002. Hicho ndicho kichwa chako, na ndipo unatafuta kalibu. Ikitoa kinene zaidi, daizi itakibana. Kikitoka chembamba, kutanua ndiyo kazi. Wapo wanaobandika utepe wa alumini kati ya nusu mbili za kalibu, mimi nimefanya, inasaidia, lakini ni maisha ya kubahatisha. Na kabla hujapiga chochote hakikisha risasi nene inaingia chemba kwa ulaini na shingo ya ganda ina nafasi ya kuachia kichwa. Shingo ikibanwa, presha inapaa. Hapo si hela tena, ni macho.

Kama mtutu umeshapakaa, zungushia nyuzi za shaba za kusugulia sufuria kwenye brashi kuukuu, usugue ukiwa mkavu. Zijaribu kwa sumaku kwanza. Zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Muuzaji mwingine huyo.

Madini ya magurudumu: ya zamani ndiyo, mapya mengi ni zinki au chuma. Risasi huyeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 419, kwa hiyo usipandishe moto kwa pupa, chuma na zinki vitaelea, uvichote. Nje, penye hewa, bila tone la maji karibu.

Walio Bongo na Kenya wanaosoma: huku Marekani kuna uhuru wa kufanya haya, huko kutengeneza risasi bila kibali ni jela. Msimtaje mtu.

Baruti na mafuta nilikuwa nayo kichwani nilipoanza kuandika. Lete kwanza kipimo cha mtutu wako hapa.