Kama hujaiona, usiseme umeiona

Marubani wapya wanaokuja kurusha ndege ndogo hapa Unguja huniuliza sana habari za mvua za masika na upepo wa kusi. Ndege nyingine iliyo angani nawe ni nadra kuniuliza, ilhali ndiyo ninayoichunga kuliko yote, hasa dakika za mwisho kabla ya kutua.

Piga hesabu. Caravan, ndege ndogo ya injini moja ninayoirusha, hukata takriban kilomita 300 kwa saa. Mbili zikielekeana, kilomita 2 zilizo baina yao huisha kwa sekunde 12. Mamlaka ya anga ya Marekani inakadiria kuwa rubani anahitaji sekunde 12.5, tangu jicho linase kitu hadi ndege ianze kukwepa. Na kwa umbali huo mbawa zote mbili za ndege ile hazifiki upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooka.

Tena ndege mtakayogongana nayo haitembei kwenye kioo chako cha mbele. Inakaa palepale, inakua tu. Kwa hiyo usizungushe macho anga nzima kwa mkupuo. Tazama kipande, tulia kidogo, hamia kingine. Ukiona kidoa kisichosogea, geuza ndege, usingoje kujua ni nini.

Wakati wa kusi tunatua kuelekea kusini, tukishukia upande wa mjini. Hapo ndege nyeupe iliyo chini yako inapotelea kwenye mapaa ya bati ya Ng'ambo. Mnara wa kuongozea ndege unakwambia kuna ndege mbele yako, je, unaiona? Ukijibu ndiyo, unaruhusiwa kuifuata na jukumu la kuikwepa linakuwa lako. Ndiyo hiyo ni rahisi mno kutoka mdomoni, hasa ukiwa umechelewa na abiria wanatazama saa. Mimi sijibu mpaka niione, na ikinipotea nasema palepale. Wenzangu wengine huniona mzito. Sawa tu.

San Diego, tarehe 25 Septemba 1978, asubuhi ya anga safi, marubani wa Boeing 727 waliarifiwa kuhusu Cessna, ndege ndogo, iliyokuwa mbele yao. Wakaiona, kisha ikawapotea, na hawakuueleza mnara waziwazi. Zikagongana, wakafa watu 144. Karibu na kwetu, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ziligongana Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafa.

Kiti cha kulia kwangu mara nyingi hukaa abiria, nami humpa kazi. "Mzee wangu, ukiona ndege yoyote nioneshe, hata ukidhani nishaiona." Safari moja mzee wa Wete alinyoosha kidole kabla sijamaliza sentensi: "Ile pale, mwanangu, si ndege ile?" Ilikuwa ndege kweli, chini yetu upande wake, ambako mimi nisingeiona upesi.

Caravan bawa lake liko juu, na ukikunja kuingia njia ya mwisho ya kutua linashuka likakuziba upande uleule unaokwenda. Liinue kwanza, chungulia, ndipo ukunje. Taa za kutua ziwashe mapema uonekane, hata jua likiwa utosini.

Na njiani shika kimo chako, ili waendao na warudio wasikutane kimo kimoja. Ukiruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, kwenda Pemba, juu ya futi 3,000, ni 3,500 au 5,500. Kurudi ni 4,500 au 6,500, isipokuwa mnara ukupe kingine.